Sindano za Kujaza Uso: Zilikotoka na Hatari Zake

Leo tunazungumzia jambo ambalo miaka michache iliyopita lilikuwa la waigizaji wa filamu na matajiri wa ng'ambo, lakini siku hizi utalisikia likitajwa hata kwenye chama na katika saluni za mitaani. Nazo ni sindano za kujaza uso. Wengine huziita fila. Sisi tutasema vijazio, kwa maana kazi yake ni kujaza: daktari hudunga jeli nzito chini ya ngozi ili shavu lililobonyea liinuke kidogo, au ule mfereji unaotoka puani hadi pembe ya mdomo upungue. Tafadhali usichanganye vijazio na Botox. Hiyo ni dawa ya kulegeza misuli, na habari yake ni ndefu. Tutaiacha kwa siku nyingine.

Huenda unajiuliza, hili lanihusu nini mimi niliye na karo ya watoto mawazoni? Linaweza kukuhusu. Labda umetimiza miaka hamsini na tano, binti yako anaolewa Desemba, na rafiki amekunong'oneza kwamba kuna dada fulani anayekuja nyumbani na mkoba wake, anadunga watu sebuleni kwa bei nafuu. Labda unamtunza mama mzee aliyepoteza meno, na kila akiona picha yake anahuzunika. Labda umetumia dawa za ARV kwa miaka mingi na mashavu yako yakaisha. Kabla ya kumkabidhi mtu uso wako, ni vyema ujue sindano hii ilikotoka, kwa sababu karibu kila hatari nitakayoitaja leo ilikwisha kumpata mtu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na bado inawapata watu kwa njia ileile.

Mtu wa kwanza tunayemjua aliyejaza uso kitaalamu alikuwa daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeitwa Neuber. Mnamo mwaka wa 1893 alichukua vipande vidogo vya mafuta kutoka mkononi mwa mgonjwa na kuvipandikiza usoni, mahali ambapo kovu la ugonjwa lilikuwa limeacha shimo. Zingatia hapo: mgonjwa wake hakuwa akitafuta urembo. Alikuwa na kovu. Na kilichotumika kilitoka katika mwili wake mwenyewe, kwa hivyo mwili haukukikataa. Lau madaktari wangeendelea kwa mwendo huo wa polepole, tungekuwa na mambo machache ya kusimulia leo. Lakini kuchukua mafuta mwilini ni kazi, mgonjwa hukatwa mara mbili, na mafuta mengine hunyonywa na mwili na kupotea. Watu wakataka njia ya mkato.

Njia hiyo ya mkato ilipatikana katika kitu ambacho bila shaka unacho nyumbani kwako. Mwaka wa 1872 Mmarekani kwa jina Robert Chesebrough alipata hataza ya kutengeneza mafuta mazito kutokana na mabaki ya petroli. Aliyaita Vaseline. Ni mafuta yaleyale unayompaka mtoto akitoka kuoga na unayojipaka miguuni wakati wa baridi ya Julai. Juu ya ngozi hayana neno. Shida ilianza pale mtu alipoyatia kwenye sindano.

Mtu huyo alikuwa daktari Robert Gersuny wa mji wa Vienna, Austria. Mwaka wa 1899 alimdunga Vaseline kijana mmoja aliyekuwa ameondolewa korodani kwa sababu ya kifua kikuu, ili mahali pale pasionekane patupu. Matokeo ya kwanza yalimpendeza, akayaandika, na habari ikaenea Ulaya na Marekani kama moto wa nyika. Baada ya muda mfupi madaktari, na wengine ambao hawakuwa madaktari hata kidogo, walikuwa wakidunga Vaseline na nta ya parafini kwenye pua zilizobonyea, mashavu na makunyanzi ya akina mama wa makamo. (Parafini ninayosema hapa si mafuta taa ya stovu. Ni nta, kama ile ya mshumaa, iliyoyeyushwa kwa moto.)

Wanawake walitoka kliniki wakiwa wamefurahi. Baada ya mwaka mmoja, miwili, mingine hata kumi, mambo yalianza kubadilika. Mwili hauwezi kuyeyusha nta wala mafuta ya petroli. Ukishindwa kuyaondoa, huyazungushia ukuta wa nyama ya kovu, na ukuta huo huendelea kunenepa. Uvimbe mgumu hutokea, ngozi ya juu yake hugeuka rangi, wakati mwingine hupasuka na kutoa usaha. Madaktari waliupa uvimbe huo jina lake, parafinoma. Nta nyingine haikukaa ilipowekwa. Iliteleza na kushuka. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Kufikia mwaka wa 1903 ilikuwa imekwisha kuandikwa taarifa ya mgonjwa aliyepofuka baada ya kudungwa parafini puani. Tutarudi kwenye upofu huo, kwa sababu haukuisha na parafini.

Mmoja wa waliopatwa na masaibu hayo anajulikana kwa jina. Gladys Deacon alizaliwa Paris mwaka wa 1881, mtoto wa Wamarekani, na alisifiwa Ulaya nzima kwa uzuri wake. Lakini yeye mwenyewe hakuridhika na pua yake. Alitaka mstari kati ya paji la uso na pua unyooke kama wa sanamu za Kiyunani. Akiwa na miaka ishirini na kidogo tu alidungwa parafini hapo juu ya pua. Nta ikateleza hadi kwenye taya na kidevu, ikaacha mabonge. Mwaka wa 1921 aliolewa na Duke wa Marlborough huko Uingereza, akawa bibi wa jumba la kifahari la Blenheim, lakini utajiri wote ule haukuweza kuutoa ule uvimbe usoni. Aliishi hadi 1977, akiwa na miaka 96. Hebu piga hesabu, mama. Sindano ya dakika chache, na mabaki yake uyabebe kwa zaidi ya miaka sabini.

Kinachonitisha mimi katika kisa hiki ni kule kuchelewa kwa madhara. Mwaka wa kwanza kila mtu alikuwa akisifu, daktari na mgonjwa. Ndiyo maana rafiki yako akikuambia, "Mimi nilidungwa mwaka jana na sijaona shida yoyote," anasema kweli, lakini ushahidi wake bado ni mdogo.

Kufikia kama miaka ya 1920 nchi za Magharibi zilikuwa zimeanza kuiacha parafini. Badala yake, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikaja silikoni ya maji. Huko Japani wanawake walidungwa silikoni matitini, na katika miaka ya 1960 mtindo huo ulikuwa umeshika kasi Marekani, hasa mji wa Las Vegas miongoni mwa wacheza dansi. Hadithi ikajirudia: furaha kwanza, halafu mabonge, vidonda, maumivu, na silikoni kusafiri hadi sehemu nyingine za mwili. Wengine walilazimika kukatwa matiti. Katikati ya miaka ya 1970 jimbo la Nevada, ambako Las Vegas iko, lilipiga marufuku sindano hizo.

Ungedhani basi yaliishia hapo. La hasha. Mnamo Novemba 2017, FDA, ile idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa, ililazimika kutoa onyo jipya kwa umma kuhusu watu wanaodungwa silikoni ya maji makalioni na kwingineko ili kubadilisha umbo. Ilitaja maumivu ya kudumu, maambukizi, kiharusi na hata kifo. Silikoni ya maji haijawahi kuidhinishwa na idara hiyo kwa kazi ya kujaza uso wala kukuza umbo. Lakini ni rahisi, haipotei mwilini, na anayeidunga huisifia: "Hii ni ya kudumu, hutarudi tena." Ukisikia neno la kudumu kuhusu kitu kinachodungwa usoni, chukua mkoba wako uende nyumbani. Uso wako utaendelea kubadilika kila mwaka, na kitu kisichobadilika ndani yake kitakuja kuonekana siku moja.

Kolajeni nitaipitia haraka. Ni ile protini inayoshikilia ngozi yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walianza katika miaka ya 1970 kuisafisha kutoka ngozi ya ng'ombe hadi ikafaa kudungwa, na mwaka wa 1981 FDA iliidhinisha kijazio cha kwanza cha aina hiyo, Zyderm. Ilikuwa hatua kubwa, kwani mwili uliweza kuimeng'enya. Lakini kama watu watatu katika kila mia walikuwa na mzio nayo, kwa hivyo kila mgonjwa alidungwa kidogo mkononi kwanza na kusubiri wiki nne aone kama atavimba. Na baada ya miezi michache kazi yote ilikuwa imeyeyuka. Kijazio hicho hakiuzwi tena. Mimi hupenda tu ile nidhamu yake ya kusubiri wiki nne. Leo watu hudungwa siku ileile waliyoingia kuuliza bei.

Sasa tufike kwenye jeli inayotumika zaidi siku hizi. Jina lake ni asidi ya hayaluroniki. Usiogope neno asidi, hii haiunguzi. Mwaka wa 1934, Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliitoa ndani ya macho ya ng'ombe, katika ile jeli angavu inayojaza jicho. Waliipa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kioo. Baadaye ikajulikana kwamba iko mwilini kote: kwenye magoti, kwenye ngozi, na kama umewahi kuwa mkunga utaifahamu hata bila jina lake, kwa sababu ule ute mzito unaozunguka mishipa ndani ya kitovu cha mtoto mchanga umejaa asidi hii. Mtu mzima wa kilo 70 ana kama gramu 15 mwilini, na nusu yake iko katika ngozi. Kazi yake ni kushika maji. Kila siku mwili huvunja kama theluthi moja na kutengeneza mpya.

Daktari mmoja mzaliwa wa Hungaria, Endre Balazs, ndiye aliyepata njia ya kuisafisha vizuri. Aliipata wapi? Kwenye undu wa jogoo, yaani ule mnofu mwekundu ulio kichwani mwake. Ilianza kutumiwa katika upasuaji wa macho. Lakini ilikuwa na kasoro moja ukitaka kujaza shavu: mwili huivunja kwa siku chache tu. Wataalamu wa Uppsala, Sweden, wakabuni njia ya kufunganisha nyuzi zake kwa kemikali ili ziwe kama wavu, ambao mwili huchukua muda mrefu kuubomoa. Aidha waliacha jogoo na kuanza kuizalisha kwa bakteria wa jamii ya streptokoka katika matangi. Bidhaa yao, Restylane, iliruhusiwa Ulaya mwaka wa 1996 na Marekani Desemba 2003. Juvéderm ikafuata Marekani mwaka wa 2006. Kulingana na aina na mahali, jeli hii hukaa kati ya miezi sita na mwaka mmoja unusu, ingawa picha za mashine ya MRI zimeonyesha kwamba kwa watu wengine mabaki yake hudumu miaka mingi.

Kuna sababu moja kubwa ya madaktari waangalifu kuipenda jeli hii kuliko nyingine. Inaweza kuyeyushwa. Kuna kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi ambacho kikidungwa mahali palipojazwa, huivunja jeli kwa muda mfupi. Parafini haikuwa na kitu cha kuitoa. Silikoni haina. Hii inacho, na baadaye kidogo utaona kwa nini jambo hilo linaweza kuokoa jicho la mtu.

Kabla ya hapo, nataka kuzungumza na wewe uliyeanza ARV zamani, au unayemtunza aliyeanza zamani. Wakati dawa hizo zilipoanza kutolewa kwa wingi hapa Kenya, katikati ya miaka ya 2000, mseto wa bei nafuu uliotumiwa na wengi ulikuwa na dawa iitwayo stavudini. Iliokoa maisha ya watu wengi sana, na hilo lisisahauliwe. Lakini kwa baadhi yao ilikula mafuta ya chini ya ngozi: mashavu yakaingia ndani, panda za uso zikabonyea, mikono na miguu ikatokeza mishipa. Mama aliyekuwa amepata nguvu za kurudi sokoni akajikuta akiangaliwa uso. Majirani walijua, au walidhani wanajua. Wengine waliacha dawa kwa aibu hiyo. Mnamo Novemba 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane polepole na stavudini, na leo watu wanatumia dawa nyingine zisizoleta shida hiyo. Hata hivyo, mafuta yaliyopotea hurudi polepole sana, na mara nyingi hayarudi yote.

Kwa watu hawa, kijazio kilikuwa tiba kabla ya kuwa urembo. Mwaka wa 2004 FDA iliidhinisha Sculptra, iliyotengenezwa kwa asidi ya polilaktiki, mahsusi kwa ajili ya mashavu yaliyobonyea kwa watu wenye virusi vya ukimwi. Hiyo huuchochea mwili ujitengenezee kolajeni yake mwenyewe kwa miezi kadhaa. Desemba 2006 ikaidhinishwa Radiesse, yenye chembechembe za kalisi. Na Machi 2010 bima ya serikali ya Marekani, Medicare, ilikubali kulipia sindano hizi kwa wagonjwa ambao kubonyea uso kumewaletea huzuni ya kiwango cha ugonjwa. Fikiria maana yake: serikali ilikubali kwamba uso wa mtu kumtangaza bila ridhaa yake ni jambo la afya. Ikiwa hali ni hii kwako, mweleze mhudumu wako wa kliniki waziwazi. Usiache dawa. Na ujue kwamba hizo mbili, Sculptra na Radiesse, haziyeyushwi na hayaluronidesi, kwa hivyo mikono inayozidunga inapaswa kuwa ya mtu aliyezoea.

Tuje sasa kwa uso wa mtu mzima, uliokomaa. Kwa muda mrefu madaktari walifikiri uzee ni ngozi kulegea tu, kama shuka lililofuliwa mara nyingi. Kwa hivyo walitafuta kila mkunjo na kuujaza. Matokeo yake umeyaona kwenye televisheni: uso umejaa kama mto wa kulalia, mama wa miaka 65 hana mkunjo hata mmoja, lakini akitabasamu mashavu yanapanda na kufunga macho. Mwaka wa 2007 Rod Rohrich na Joel Pessa wa Dallas, Texas, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mafuta ya uso hayakutandazwa kama blanketi moja. Yamegawanyika katika vyumba vidogovidogo, na kila chumba huzeeka kwa mwendo wake. Hata mfupa hubadilika: tundu la jicho hupanuka, taya la juu hurudi nyuma, na mtu akipoteza meno mfupa wa taya hupungua haraka zaidi. Ndipo wataalamu wakaelewa kwamba mkunjo wa karibu na mdomo mara nyingi huanzia shavuni, juu yake. Ukiinua shavu kidogo, mkunjo hupungua wenyewe. Ukijaza mkunjo peke yake, unaongeza uzito mahali pasipo na nguzo.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo la ziada. Rangi yetu hutukinga na jua, kwa hivyo makunyanzi madogomadogo huchelewa. Kinachoonekana mapema zaidi ni kubonyea chini ya macho na kushuka kwa mashavu. Kwa upande mwingine, ngozi yetu huacha madoa meusi kwa urahisi inapochomwa, na wengine wetu hupata makovu yanayovimba na kukua. Kama kovu la kutoga masikio lilikuvimbia, mwambie daktari kabla hajafungua sindano.

Daktari mzuri hudunga kidogo. Sindano moja ya kijazio kwa kawaida ina mililita moja, ambayo ni moja ya tano ya kijiko cha chai. Ataweka kiasi, atasubiri wiki mbili au zaidi uvimbe uishe, kisha atakutazama tena ukiwa umekaa, ukiongea na kucheka. Mwambie unataka majirani waulize kama ulikuwa likizo, wala wasiulize ulifanya nini. Mwonyeshe picha yako ya miaka kumi iliyopita. Picha ya mwigizaji wa miaka ishirini na mitano iache kwenye simu.

Sasa ule upofu wa 1903. Usoni kuna mishipa ya damu inayounganika na mishipa ya jicho. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya mshipa kwa bahati mbaya, kijazio kinaweza kusukumwa kinyume na mkondo hadi kwenye mshipa unaolisha jicho, kikauziba. Mnamo 28 Mei 2015 FDA ilitoa onyo juu ya jambo hilihili. Mwaka huohuo madaktari walikusanya taarifa zilizokuwa zimechapishwa duniani wakapata visa 98 vya watu waliopoteza kuona baada ya kujazwa. Nafasi zilizoongoza kwa hatari ni katikati ya nyusi na puani, yaani karibu palepale alipodungwa Gladys Deacon. Visa hivyo ni vichache ukilinganisha na mamilioni ya sindano zinazodungwa. Lakini jicho likikosa damu kwa saa moja unusu hivi, uwezekano wa kuliokoa ni mdogo mno.

Kwa hivyo, swali la kwanza la kuuliza kabla ya bei: "Daktari, je, unayo hayaluronidesi hapa kliniki, leo?" Akicheka au asijue unachosema, ondoka. Swali la pili: "Kijazio hiki kinaitwaje, na naweza kuuona mkebe ukiwa haujafunguliwa?" Jina, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi viandikwe kwenye kadi yako uende nayo nyumbani. Tatu, jina lake na leseni yake. Hapa Kenya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno hutoa leseni kila mwaka na orodha yake iko wazi kwa umma. Mwombe kijana wako akuangalizie kwenye simu. Cheti cha mafunzo ya siku mbili kilichotundikwa ukutani hakimfanyi mtu kuwa daktari.

Usikubali kalamu zile zinazosukuma jeli kwa nguvu ya hewa bila sindano. FDA ilizionya hadharani Oktoba 2021, kwani huwezi kudhibiti inafika wapi. Na sindano isiyo mpya isikuguse. Mwaka wa 2018 huko New Mexico, Marekani, mwanamke mmoja ambaye hakuwa na njia nyingine inayojulikana ya kuambukizwa alipatikana na virusi vya ukimwi baada ya kuchomwa usoni na kupakwa damu yake katika nyumba ya urembo isiyo na leseni. Wateja wengine wa hapo walipatikana pia, na wachunguzi wa afya wa Marekani walichapisha taarifa kamili mwaka wa 2024. Hayakuwa matibabu ya vijazio, lakini sindano ni sindano.

Wewe mlezi unayempeleka mama mzee, mweleze daktari dawa zote anazotumia. Kama anameza aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo, atavilia damu kwa urahisi zaidi. Lakini usimwachishe wewe mwenyewe, kwa sababu kiharusi ni kibaya kuliko jicho kuvilia. Kama ana jino linalouma, jipu au mafua makali, subirini apone. Uso ukiwa na maambukizi haujazwi.

Baada ya kudungwa, uvimbe kidogo na alama za kuvilia damu kwa siku chache ni kawaida. Yasiyo ya kawaida ni haya: maumivu makali yanayozidi, ngozi kupauka au kufanya michoro kama ya wavu wa samaki, ukungu machoni, kuona viwiliviwili, kichwa kuuma ghafla, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu. Kwa ngozi yetu, kule kupauka huweza kusionekane vizuri. Basi bonyeza kwa kidole upande mmoja na upande wa pili, uone kama damu inarudi sawasawa. Likitokea lolote kati ya hayo, usingoje asubuhi na usipake Vaseline wala barafu. Mpigie aliyekudunga ukiwa tayari njiani. Kama ni macho, nenda moja kwa moja hospitali kubwa iliyo karibu na useme mlangoni: "Nimedungwa kijazio usoni na sioni vizuri."

Swali ambalo akina mama wengi huuliza ni hili: je, nikiwa mjamzito au ninanyonyesha, naweza? Vijazio havijafanyiwa uchunguzi wa kutosha kwa mama mjamzito wala anayenyonyesha, na hakuna dharura ya urembo isiyoweza kungoja mtoto aache ziwa. Uso wa mama aliyejifungua hubadilika pia wenyewe, maji yakipungua na usingizi ukirudi. Mpe mwaka mmoja kwanza, halafu ujitazame upya kwenye kioo.